Kuondoa kitufe si kuzuia kazi yake

Kijana mmoja anayetumia TinyMCE, kihariri cha maandishi cha kwenye tovuti, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeongeza image kwenye upau wa zana wa TinyMCE, kitufe hakitokei, na konsoli ya kivinjari haionyeshi kosa lolote. Nimekesha."

Marahaba. Kwenye mpangilio wa toolbar umeandika jina lake, je, kwenye ule wa plugins? Kitufe cha herufi nzito kinakuja na kihariri chenyewe, ila cha picha, cha kiungo na cha jedwali kila kimoja kina plagini yake, yaani kipande cha programu cha kuongezea. Usipoiita, TinyMCE inakiruka kimyakimya. CKEditor 5, kihariri kingine, ina nafuu, walau inatoa onyo kwenye konsoli.

Upau huu umewahi kunitia aibu mbele za watu. Ofisi moja ilinipa kazi ya tovuti. Mkuu wao hakutaka maneno yapigiwe mstari chini, na hapo alikuwa na haki: msomaji akiona mstari anadhani ni kiungo, anabofya weee, hakuna kitu. Akaagiza, "Toa hicho kitufe cha U, basi." Nikamwambia, mzee, kitufe kikitoka Ctrl+U inabaki palepale, dawa ni kubana valid_elements na valid_styles, orodha za alama za HTML na mitindo inayoruhusiwa, ili mstari wenyewe usipite. Akanijibu kikaoni kwamba natunga kazi nipandishe bei! Nikakitoa. Katibu muhtasi wao, mama aliyezoea Word miaka na miaka, wala hakuutazama upau. Ctrl+U, taarifa nzima mistari mitupu. Lawama nikabeba mimi, na salio langu sijaliona hadi leo.

Juzi si wamenipigia? Fundi aliyenifuata kaficha upau wote, toolbar: false, na mama bado anapiga mistari. Safari hii nilidai hela kwanza, nikaongeza mistari miwili ya mipangilio, kwisha.

Vijana, upau ni sura tu! Mteja akisema "toa kitufe", muulize anataka kisionekane au kazi yake isifanyike. Muulize, na jibu alitoe kwa maandishi. Msibebe mazoea ya kihariri kimoja kwenda kingine pia: CKEditor 4, tangu toleo la 4.1, ukitoa kitufe chujio lake linaweza kuikataa hata alama yake ya HTML kwenye maandishi. TinyMCE haifanyi hivyo.

Nawe kijana, ukishaweka image kwenye plugins, punguza upana wa dirisha. Kitufe kikitoweka tena kimeingia nyuma ya vitone vitatu. Weka toolbar_mode iwe wrap, kitashuka mstari wa pili.