Kabla hujafunga akaunti, tafuta mlango ambao fedha zinatokea

Ndugu mleta mada, nimeisoma habari yako mara mbili. Unasema kwamba kwa miezi sita sasa, kati ya tarehe 5 na tarehe 7, akaunti yako ya mshahara hapo Arusha inakatwa fedha usizojua zinakwenda kwa nani, mara 26,100, mara 26,850, na kwamba ujumbe wa simu unaokuja hauna maelezo zaidi ya herufi chache na namba. Sasa umechoka, unataka kuifunga akaunti na kuhamia benki nyingine. Nakuomba usiifunge bado. Kwanza iondoe ile picha ya ujumbe uliyoibandika, kwa sababu sehemu ya namba ya akaunti inasomeka, na wale wanaopiga simu wakijifanya wahudumu wa benki huanzia hapo hapo.

Naandika kwa sababu jambo la namna hii lilinipata mimi mwenyewe, hapa Moshi. Nina duka la pembejeo karibu na soko la Mbuyuni, na niliwahi kuchukua mkopo wa kuongeza mtaji. Muda wote wa kuulipa, kila tarehe 28 fedha zilikatwa mara mbili: rejesho lenyewe, na shilingi 15,000 nyingine ambazo nilizichukulia kuwa sehemu ya rejesho. Mkopo ulipoisha, rejesho lilikoma, lakini zile 15,000 ziliendelea kutoka. Nilizigundua baada ya miezi 11, siku niliyokuwa nikilinganisha daftari la duka na salio la benki, nikaona hesabu hazikubaliani. Jumla yake ilikuwa shilingi 165,000, na kwa duka la ukubwa wa langu huo ni mtaji.

Dirishani niliambiwa kwamba hayo ni makato ya kawaida. Jibu hilo liliniuma, kwa sababu makato ya kawaida ya benki huwa na jina lake: ada ya uendeshaji wa akaunti, ada ya kadi, ada ya ujumbe wa simu, na kwangu kila ada ilikuwa na mstari wa VAT ya asilimia 18 chini yake. Yale ya tarehe 28 hayakuwa na jina wala VAT. Basi niliomba taarifa kamili ya akaunti ya miezi 18, iliyochapishwa kwenye karatasi, nikailipia na kwenda nayo nyumbani. Usiku ule niliweka rula chini ya kila mstari na kusoma polepole. Katika mistari ya tarehe 28 kulikuwa na herufi SI, kisha namba ndefu, kisha PREM. Namba za miamala mingine zilibadilika kila mara, lakini ile ilikuwa ileile mwezi hadi mwezi, haikugeuka hata tarakimu moja, na tarehe 28 ilipoangukia Jumapili fedha zilitoka Jumatatu. Hapo nilielewa kwamba hapakuwa na mtu aliyekuwa akichota akaunti yangu. Kulikuwa na agizo la kudumu la malipo, yaani maelekezo kwa benki itoe fedha kila mwezi bila kuuliza tena (SI ni kifupi cha "standing instruction"), na agizo la kudumu lazima liwe na karatasi mahali fulani.

Niliporudi benki sikuuliza tena kwamba haya ni makato gani. Niliomba kuonyeshwa fomu ya agizo lenye namba ile. Afisa aliingia ndani, akatoka na jalada langu la mkopo, akafungua ukurasa wa nne, na pale chini ilikuwepo saini yangu kwa wino wa buluu. Ilikuwa fomu ya bima ya mkopo (ile PREM ni "premium", yaani malipo ya bima), na nafasi ya kujaza tarehe ya mwisho ya makato ilikuwa imeachwa wazi. Saini niliitambua. Lakini bima iliyokatwa kwa ajili ya kuulinda mkopo haina cha kulinda mkopo ukishalipwa, na ndivyo nilivyoandika katika barua niliyoipeleka kwa meneja wa tawi na kwa kampuni ya bima, nikibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Agizo liliondolewa siku hiyohiyo. Fedha zilirudi zote baada ya wiki 5, na sidhani kama zingerudi bila ile nakala yenye muhuri.

Sasa ya kwako, ambayo kwa maoni yangu ni tofauti. Agizo la kudumu la shilingi hutoa kiasi kilekile kila mwezi. Chako kinapanda na kushuka kwa mamia machache. Mwenendo huo kwa kawaida ni wa bei isiyobadilika ya fedha za kigeni, inayogeuzwa kuwa shilingi kwa kiwango cha siku ile, na pengine benki huongeza ada yake juu. Kwa hiyo chukua kila kiasi, ukigawanye kwa kiwango cha dola cha siku husika. Ukipata karibu dola 10 katika miezi yote sita, jua kwamba mlango ni kadi yako, na kwamba kuna huduma ya mtandaoni inayojilipa yenyewe.

Ukishapata taarifa iliyochapishwa, soma jina lote la mpokeaji na usitegemee ujumbe wa simu, ambao hulikata katikati. Malipo ya Google huanza na neno GOOGLE likifuatiwa na nyota, ya Apple huandikwa APPLE.COM/BILL, na yanayopitia PayPal huanza na PAYPAL na nyota. Mara nyingi jina hilo ni la anayekusanya fedha tu, si la huduma unayoifahamu. Halafu rudi kwenye makato ya kwanza kabisa, maana hayo ndiyo shahidi wako mkubwa. Hesabu siku 7, siku 14 na mwezi mmoja kurudi nyuma, kwa kuwa huduma nyingi hutoa muda wa kujaribu bure kabla ya kuanza kukata, kisha tafuta kwenye barua pepe yako risiti za siku hizo. Waulize pia walio nyumbani, kwa upole, kama kuna aliyejiunga na mchezo au programu kwa simu yako. Binti wa dada yangu alifanya hivyo bila kujua kwamba kadi ya mama yake imehifadhiwa humo.

Ukiipata huduma inayokukata, sitisha malipo hukohuko yalikoanzia. Kuifuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Ni lazima uingie katika orodha ya usajili (Subscriptions) ya Google Play au ya App Store na kuyakatisha. Kufunga kadi peke yake pia hakutoshi, kwani mitandao ya kadi, kama Visa na Mastercard, ina utaratibu wa kuwapa wafanyabiashara namba ya kadi mpya inapotolewa badala ya ya zamani.

Usipoipata, au ukiona wazi kwamba hujawahi kujiunga, omba benki fomu ya kupinga muamala na kadi mpya. Usichelewe, kwa sababu kwa malipo mengi ya Visa na Mastercard muda wa kupinga ni siku 120, na makato yako ya kwanza tayari yamepita hapo. Peleka malalamiko kwa maandishi. Benki ikikaa kimya, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, na tawi lake lipo hapo hapo Arusha. Ila watataka kuona kwamba ulianza na benki yako, na hapo nakala yako yenye muhuri itahitajika.

Tarehe 5 iko karibu. Anza usiku huu na orodha ya usajili kwenye simu, na asubuhi uende kuomba taarifa ya miezi minane, si sita, ili uione ile miezi miwili kabla makato hayajaanza.