Usisubiri Kioo Kikuruhusu Kula

Nilikuwa na mwaka wa tatu wa anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa kuogopa kunenepa, binamu yangu aliponitumia picha za harusi kwenye simu. Katika mojawapo kulikuwa na binti aliyeipa kamera mgongo, gauni limemning'inia kama limetundikwa kwenye hanga. Nikamwonea huruma. Nikamwandikia binamu: "Huyu nani, anaumwa?" Akachelewa kujibu, kisha akaandika: "Dada, huyo ni wewe."

Nikaifungua tena ile picha, nikaikuza. Hapa ndipo watu hudhani natia chumvi, lakini ndivyo ilivyokuwa: binti yule akanenepa. Picha ileile, gauni lilelile, ila sasa niliona kiuno kipana na mikono minene, nikaona haya kwamba nilisimama hivyo mbele za watu. Dakika moja kabla nilikuwa naona mgonjwa. Nilipojua ni mimi, macho yakabadilika.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa nyani wa aina yake, maana niliona kundu ambalo halikuwepo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila mara napata swali moja kutoka kwa mama, dada au mume wa mgonjwa: "Nimwambieje ili aone amekonda?" Jibu langu ni kwamba uache kumwambia. Najua linakera. Nivumilie nieleze.

Mama yangu alijaribu. Alinishika mkono akanisimamisha mbele ya kioo, machozi yakimtoka: "Tazama mwanangu, tazama hii mifupa!" Nikatazama kweli. Mifupa niliiona, na juu yake nikaona mafuta. Mama akaniona mkaidi, nami nikamwona anasema uongo ili nile. Tulitoka pale kila mmoja amezidi kuumia, na usiku ule sikula kabisa. Tulilirudia lile jambo mara nyingi, na hakuna mara hata moja lililosaidia.

Aliyenifungua macho, kama naruhusiwa kusema hivyo, ni daktari wa akili niliyempata baadaye. Aliniambia kuwa macho hupokea mwanga na kupeleka ishara tu, na picha ya mwili wangu hutengenezwa ndani ya ubongo kwa kukusanya habari za kuona, za kugusa, za misuli, na zile zitokazo tumboni na moyoni. Ubongo ukizichanganya vibaya, picha hutoka imepotoka, na mwenye picha hana namna ya kujua, kwa sababu ndiyo pekee aliyonayo. Jina la ugonjwa lilitolewa na tabibu Mwingereza William Gull mnamo 1873, lakini jambo hili la taswira ya mwili lilichelewa kutiliwa mkazo hadi daktari wa akili Hilde Bruch alipoliandikia mwaka 1962. Muda wote huo katikati, wagonjwa kama mimi walionekana wakaidi tu.

Kuhusu ile picha ya harusi, baadaye nilisoma utafiti wa Australia wa mwaka 2008 nikalazimika kuweka simu chini kwa muda. Wanawake wenye anoreksia waliingizwa kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, wakaonyeshwa picha zao na picha za wanawake wengine. Kwa picha za wengine, ubongo wao ulifanya kazi karibu sawa na wa wenye afya. Kwa picha zao wenyewe, sehemu za umakini na utambuzi ambazo wenye afya walizitumia zilibaki kimya. Ni kama ubongo ulikataa kutazama. Kundi lilikuwa dogo, na picha za ubongo zenye rangi zisikufanye udhani kila kitu kimeshathibitika. Hata hivyo, nilijitambua humo.

La pili nililojitambua ni la mlango. Mdogo wangu ndiye aliyeliona kwanza: "Dada, mbona siku hizi unapita mlangoni kiubavu?" Nikamkatalia. Siku iliyofuata nikajikamata nikigeuza bega kupita kwenye mlango ambao watu wawili wangeweza kuupita pamoja. Watafiti wa Uholanzi walilipima jambo hilo mwaka 2013. Waliwapa wanawake kazi ya kuwashughulisha akili huku wakitembea kupita kwenye nafasi za upana tofauti, bila kuwaambia kinachopimwa. Wenye afya walianza kugeuza mabega nafasi ilipokuwa pana kuliko mabega yao kwa asilimia 25. Wenye anoreksia walianza kugeuka ilipokuwa imezidi kwa asilimia 40. Maana yake kosa haliko kwenye mawazo peke yake, mwili wenyewe hutembea ukiamini ni mnene. Sasa niambie, neno gani la mama lingemshawishi bega?

Kwa hiyo nawaomba ndugu wa mgonjwa: mzozo wa kioo muuache. Msiseme "umekonda", wala akianza kupona msiseme "umenawiri", "umejaa", "sasa umekuwa mtu". Najua mnasema kwa mapenzi. Neno "umenawiri" lilinirudisha nyuma wiki mbili, na aliyelisema alikuwa shangazi anayenipenda sana. Zungumzeni mambo mengine: kwamba mmemmiss, kwamba amecheka leo, au muulizeni ile kazi yake imefikia wapi. Na kwenye chakula muwe imara bila kelele. Kwa vijana wanaoishi na wazazi, tiba inayopendekezwa mara nyingi ni ile iliyokuzwa London katika hospitali ya Maudsley, ambapo wazazi husimamia milo kwa muda kisha humrudishia mtoto usukani kidogo kidogo. Haiwalaumu wazazi, na hilo tu lingetosha kunifanya niipende.

Kwako wewe unayeumwa, mdogo wangu au dada yangu, nina jambo moja, na lilinigharimu miaka. Nilikuwa nikisema: nikianza kujiona nimekonda, nitakula. Nilidhani huo ni uaminifu. Kumbe nilikuwa nimeliweka jambo la mwisho kuwa la kwanza. Daktari aliniambia: "Sikuombi uniamini kuhusu kioo. Nakuomba ule." Nilichukia maneno yale kwa miezi. Sasa ndiyo ninayoyarudia kila ninapoulizwa.

Njaa yenyewe huharibu jicho. Kati ya 1944 na 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita ili wanasayansi wajue namna ya kuwasaidia watu walioathiriwa na njaa ya vita. Hawakuwa na anoreksia. Walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kukasirika ovyo, kujitenga. Na baadhi yao hawakujiona wamekonda kupita kiasi, waliona watu wengine ndio wamenenepa mno. Ukikaa na njaa muda mrefu, kipimo chako cha kawaida huhama. Ukisubiri kipimo hicho kirudi wakati bado una njaa, utasubiri sana.

Ubongo nao hupungua. Uchambuzi mkubwa wa picha za ubongo kutoka nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, la wagonjwa lilikuwa jembamba kwa kiwango kinachozidi kile kinachoonekana katika magonjwa mengine mengi ya akili. Nilitetemeka niliposoma hapo, nusura nifunge ukurasa. Uzuri sikufunga, kwa sababu mbele kidogo walieleza kuwa kwa waliokuwa wameanza kurudisha uzito, upungufu ule ulikuwa mdogo zaidi.

Basi kula kwa kufuata saa. Usiulize tumbo. Kuna sehemu ya ubongo iitwayo insula ambayo hupokea habari za ndani ya mwili, yaani njaa, shibe, mapigo ya moyo, maumivu, na kwa wenye anoreksia tafiti nyingi zimeikuta ikifanya kazi tofauti. Nilikuwa nashiba kwa vijiko vitatu, na ile shibe ilikuwa ya kweli kabisa, naiapia. Ila haikuwa habari sahihi. Mtaalamu wa lishe alinipangia milo, na nilikula kama mtu anavyomeza dozi, saa ikifika, hamu iwepo isiwepo. Nilikula nikilia. Nilikula nikimchukia kila aliyekaa mezani. Inaruhusiwa.

Mwanzoni ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia, na nilijiona dhaifu mpaka nilipojua kwamba hata kuchagua chakula kunakuwa mazoea yaliyochimba mizizi. Utafiti wa New York wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa wagonjwa wanapoamua wale nini, hushiriki zaidi eneo la ndani ya ubongo linalohusika na mazoea kuliko ilivyo kwa wenye afya. Ndiyo sababu nia nzuri ya asubuhi huyeyuka ukikaa mbele ya sahani. Mazoea huvunjwa na mazoea mengine, kwa hiyo badilisha vinavyozunguka mlo: kiti, saa, mtu wa kukaa naye. Mimi nilibadilisha hata sahani. Linaonekana jambo dogo, lakini lilinisaidia.

Utaona sijaandika kilo zangu popote. Ningekuwa bado naumwa ningezisoma ili nishindane nazo.

Kuna jambo moja la hatari, na hapa sina mzaha. Kama umekaa muda mrefu bila kula vya kutosha, usianze kula kwa wingi ghafla ukiwa peke yako nyumbani, na wewe mzazi usimlazimishe mtoto ale kwa wingi siku hiyo hiyo. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi kwa mara moja, fosfeti na madini mengine kwenye damu yanaweza kushuka ghafla na moyo ukayumba. Mtu anaweza kufa hivyo akiwa ndiyo kwanza anaanza kupona. Anzeni na daktari apime damu na moyo, apange mwendo. Na kama kuna kuzimia, maumivu ya kifua, mapigo ya moyo ya taratibu mno, miguu kuvimba, kushindwa kunyanyuka ukichuchumaa, au mawazo ya kujiua, nenda hospitali leo. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, na haingoji uonekane mgonjwa.

Hospitali ya kwanza niliyoenda, nisiyotaka kuitaja, waliniambia niache maringo. Kama nawe umeambiwa hivyo, tafuta mlango mwingine. Mwaka 2019 utafiti wa vinasaba vya karibu wagonjwa 17,000 ulitambua maeneo manane kwenye jenomu, yaani mkusanyiko wote wa vinasaba vya mtu, yanayohusishwa na anoreksia, mengine yakigusa namna mwili unavyotumia nishati. Maringo hayana vinasaba, nijuavyo mimi.

Watu huniuliza macho yangu yalirudi lini. Yalichelewa. Uzito ulirudi kwanza, hedhi ikafuata, kisha usingizi, kisha nikaanza tena kucheka vichekesho vya mdogo wangu ambavyo kwa kweli si vizuri. Kioo kiliendelea kusema yaleyale karibu miaka miwili baada ya daktari kuridhika na vipimo vyangu. Nisingekuwa nimeambiwa mapema kuwa taswira ya mwili huchelewa kupona, ningedhani tiba imeshindwa, ningerudi nilikotoka. Mtaalamu wa saikolojia alinifundisha kujitazama kwa maelezo tu, bila hukumu, nikiwa naye chumbani: bega, kiwiko, goti. Peke yangu nilipunguza kujikagua, kwa sababu kila nilipojikagua nilipata nilichokuwa natafuta.

Sikumbuki ni lini niliacha kugeuza bega mlangoni. Mdogo wangu anasema aliliona akanyamaza makusudi, asije akaliharibu. Picha ya harusi bado ninayo. Mara nyingi nikiifungua namwona yule binti kama nilivyomwona mara ya kwanza, kabla ya kujua jina lake. Kuna siku, hasa nikiwa nimechoka au nimegombana na mtu, ananenepa tena. Siku hizo naifunga picha, natazama saa, na ikiwa muda wa kula umefika, nakwenda kula.