Mwekezaji anataka asilimia 30 ya hisa: yaliyotukuta sisi kabla ya kusaini

Ndugu uliyeuliza kama biashara yenu ya kijamii, yaani inayofanya biashara ili kutimiza lengo la kuwasaidia watu, imkubali mwekezaji anayetaka asilimia 30 ya hisa na kiti kimoja katika bodi, nakujibu kwa yaliyonikuta, maana njia hiyo nimeipita. Sisi tulikuwa tukitengeneza na kukarabati viti vya magurudumu, na wateja wetu walikuwa wa aina mbili: hospitali zilizonunua kwa jumla, na watu binafsi waliolipa kwa awamu, wengine kwa zaidi ya mwaka mzima. Kampuni ilianzishwa kwa ajili ya hao wa pili, ingawa mishahara yetu ilitoka kwa hao wa kwanza.

Mwekezaji wetu hakuwa mtu mbaya, na nalisema hilo kwa sababu wengi hudhani kwamba lengo la kijamii huvunjwa na wenye roho mbaya. Alikuja karakana, akaketi kwenye kiti, akasukuma magurudumu mwenyewe hadi mlangoni na kurudi, akauliza maswali ya maana. Tatizo lilikuwa ndani ya hati ya masharti, ukurasa wa kumi na moja, ambako iliandikwa kwamba mwaka wa sita ukifika bila yeye kupata mnunuzi wa hisa zake, kampuni yenyewe itazinunua kwa bei inayotokana na faida, na ikishindwa, atakuwa na haki ya kuiuza kampuni nzima pamoja na hisa zetu. Mhasibu wetu alikisoma kifungu hicho kwa sauti mara mbili, kisha akachukua kikokotoo na kutuonyesha kwamba ili fedha hizo zipatikane, ingetubidi tuache kuuza kwa awamu kufikia mwaka wa tatu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba tuache. Hesabu tu ndiyo iliyotaka hivyo.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza mwekezaji atatokaje, yaani atauza hisa zake lini na kwa nani. Mifuko mingi ya uwekezaji huundwa kwa muda wa takriban miaka 10, ambayo ikiisha fedha hurudishwa kwa wenyewe, kwa hiyo hata mtu mwenye subira hawezi kukupa subira ambayo mfuko wake hauna.

Jambo la pili ni ulinzi wa maandishi, ambao una thamani lakini una mipaka yake. Unilever, kampuni kubwa ya bidhaa za nyumbani, ilipoinunua kampuni ya aiskrimu ya Ben & Jerry's mwaka 2000, mkataba uliacha bodi huru ya kulinda malengo ya kijamii, na bado mwaka 2022 Ben & Jerry's ilimfikisha mmiliki wake mahakamani. Maana yake, kwangu mimi, ni kwamba karatasi hukupa haki ya kugombana, na ugomvi una gharama ambayo biashara ndogo haiimudu. Imara zaidi ni kutenganisha kura na fedha, kama ilivyofanya familia iliyomiliki Patagonia, kampuni ya mavazi, mwaka 2022: hisa zote zenye kura, asilimia 2 tu ya hisa zote, zilikabidhiwa kwa amana, yaani chombo cha kisheria kinachoshika mali kwa ajili ya lengo fulani, iliyoundwa kulinda malengo ya kampuni.

Sisi tuliiga wazo hilo kwa kimo chetu. Tulitoa hisa moja kwa chama cha watumiaji wa viti, yenye kura ya turufu katika mambo matatu tu: kubadili lengo la kampuni, kuiuza, na kusitisha mauzo ya awamu. Kuandika lengo lenyewe ndiko kulikotuchosha. Rasimu ya kwanza ilisema tutawahudumia "watu wenye ulemavu wenye kipato cha chini", mwanasheria akatuuliza ni nani atakayejua siku tukilivunja. Tukanyamaza. Mwishowe tukaandika kwamba katika kila viti kumi vinavyouzwa kwa mwaka, visivyopungua vinne viende kwa watu binafsi wanaolipa kwa awamu. Hilo hata mtu wa nje analihesabu.

Hisa hatukumuuzia mwekezaji. Baada ya miezi minne ya mazungumzo alikubali kutukopesha, nasi tukawa tunamlipa asilimia fulani ya mauzo ya kila mwezi hadi jumla ifikie kiasi tulichokubaliana, hivyo mwezi mbaya haukutuua. Sitakuficha gharama yake: fedha zilikuwa chini ya nusu ya alizoahidi mwanzo, karakana ya pili hatukuifungua, na mafundi wawili wazuri waliondoka kwa sababu hatukuweza kuwaongezea mishahara. Mmoja wao bado simsemeshi vizuri, na kosa ni langu.

Kama biashara yenu inahitaji mitambo mikubwa kwa mkupuo mmoja, mkopo wa namna hii hautawatosha na huenda hisa zikawa hazikwepeki. Hapo wauzieni zisizo na kura, au zenye kura ndogo. Vyovyote iwavyo, hati ya masharti ikifika, mpeni mhasibu kabla ya mwanasheria, na mwambieni aanze kusoma kurasa za mwisho.