Maswali Yenu: Kishikwambi ni Chombo cha Kazi au Pambo?

SWALI: Assalaam alaykum, Bwana Mshauri. Mimi ni fundi wa kushona, na kibanda changu kiko katika kichochoro kinachotokea Barabara ya Biashara, hapa Mombasa. Nimedunduliza shilingi 25,000, na kwa miezi miwili sasa najishauri kama ninunue kishikwambi, yaani tableti, ili niwaonyeshe wateja mitindo ya mabuibui na magauni, niandike vipimo vyao, niweke hesabu za duka, na mara mojamoja niandike barua za zabuni za sare za shule. Kaka yangu ananicheka. Asema hiyo ni simu iliyonenepa, na kwamba watu huinunua kwa kuigana kisha wakawaachia watoto waichezee. Je, ana haki?
Fundi wa Kushona, Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Kaka yako amepatia nusu. Vishikwambi vingi vya bei uliyoitaja ni simu kwa hakika: mfumo ni ule ule wa Android, programu ni zile zile, na kilichozidi ni kioo. Lakini nusu aliyoikosa ndiyo yenye uzito, kwa sababu kioo hicho hakikuongezeka kidogo kama tarakimu zinavyodokeza. Inchi za kioo hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, na kwa kuwa simu ya inchi 6.5 ni ndefu na nyembamba, eneo lake ni kama theluthi moja tu ya eneo la kishikwambi cha inchi 10. Mteja anayetaka kuona mishono ya darizi kwenye mkono wa buibui, tena akiwa amekuja na mama yake na wifi yake, hawezi kuvutana nao juu ya theluthi hiyo.

Dhihaka za kaka yako pia si ngeni, maana zimekifuata chombo hiki tangu kilipozaliwa. GRiDPad, kompyuta bapa iliyoandikiwa kwa kalamu maalumu, ilitoka mwaka 1989. Newton, chombo cha mkononi cha kampuni ya Apple, ilitoka 1993 ikaachwa 1998. Mwaka 2002 zikaja kompyuta bapa zenye Windows, nazo hazikuenea, na kwa maoni yangu kosa lao lilikuwa kumtaka mtu afanye kwa kalamu, mashine akiwa ameipakata, kazi zilizobuniwa kwa ajili ya meza, kibodi na kipanya. Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, alipoizindua iPad, kishikwambi cha kampuni hiyo, tarehe 27 Januari 2010 alifanya jambo dogo ambalo mimi hulihesabu kuwa hoja kamili: aliketi kwenye kiti cha starehe jukwaani, akaanza kusoma na kupekua kwa kidole. Hakuanza kwa kumshawishi mtu kwamba ile ni mashine ya karani wa ofisini. Vishikwambi vikauzwa kwa kasi, mauzo yakafika kileleni mwaka 2014, kisha yakashuka, kwa kuwa simu nazo zilikuwa zimepanuka na wengi waliokwisha kununua hawakuona sababu ya kununua kingine. Hao ndio anaowaona kaka yako.

Sasa tazama mahali ambapo hakuna aliyecheka. Katika sensa iliyoanza usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, makarani wa Kenya walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na Tanzania ikafanya vivyo hivyo mwaka 2022. (Neno lenyewe, kishikwambi, limevuma zaidi upande wa Tanzania, huku kwetu wengi bado husema tableti.) Karani wa sensa husimama mlangoni, mkono mmoja umeshika chombo na mwingine unagusa, swali huja moja moja, jibu ni neno au tarakimu. Programu inaweza kuruka maswali yasiyomhusu mtu, ikamzuia karani kuandika kwamba mtoto ana umri kumzidi mamake, na ikapeleka majibu makao makuu bila mtu mwingine kukaa kuyachapa upya kutoka kwenye karatasi. Kompyuta ya kupakata ingemchosha karani huyo kabla ya nyumba ya tatu, na simu ingemfinya macho.

Nawe, fundi, husimama vivyo hivyo, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Bega, kifua, kiuno, urefu, mkono: hizo ni tarakimu fupi za kujaza, na kwa kila mteja unaweza kubandika picha ya mtindo aliouchagua na kipande cha kitambaa alichokileta, ili asije kesho akasema hakuagiza vile. Kwa kazi hiyo kishikwambi kinafaa, na hesabu za mauzo ya siku zitapita vilevile. Zabuni ndizo zisizopita. Ukianza kuchapa, kibodi ya kwenye kioo hula karibu nusu ya nafasi, vidole havisikii ncha za herufi, na jedwali la bei lenye safu sita hugeuka adhabu. Waweza kuongeza kibodi ya Bluetooth, lakini kwa gharama hiyo ya ziada utakuwa umekaribia bei ya kipakatalishi cha mtumba. Kwa kuwa umesema barua hizo ni za mara mojamoja, ushauri wangu ni kwamba ununue kishikwambi, nazo barua uzipeleke saiba. Laiti ungeniambia unaziandika kila wiki, ningejibu kinyume.

Dukani usiamini maandishi ya kwenye boksi. Omba kiwashwe, ufungue sehemu ya mipangilio, usome mwenyewe toleo la Android, nafasi ya kuhifadhia na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Chini ya GB 4 za RAM utakuwa ukisubiri picha zifunguke huku mteja akitazama saa. Uliza pia kama kina tundu la laini, kwa kuwa vingi hutumia Wi-Fi pekee, nawe utalazimika kugawa bando kutoka kwenye simu. Simu hiyo usiiuze: menyu ya M-Pesa imo kwenye laini yako.

La mwisho ni joto. Apple hutaja nyuzi 35 kuwa kikomo cha kutumia iPad, na kibanda cha mabati mwezi wa Februari hapa kwetu chaweza kupita hapo kabla ya adhuhuri. Betri za lithiamu huzeeka upesi zikikaa na joto huku zimejaa pomoni, kwa hiyo usikiache kwenye chaja kutwa, wala usikiweke karibu na pasi. Na ukifute kioo chako jasho likidondoka, kwani kioo hutambua kidole kwa umeme, na tone la maji hukichanganya.

SWALI: Mwanangu yuko gredi ya nne, na mpwa wangu anasisitiza kwamba bila kishikwambi atabaki nyuma. Je, ni lazima?
Mama, Likoni

JIBU: Si lazima, dada yangu. Serikali iliahidi kompyuta kwa wanafunzi wa darasa la kwanza mwaka 2013, ahadi ikageuka vishikwambi vilivyoanza kugawanywa 2016, na zaidi ya milioni moja vilifika shuleni. Palipokosekana mwalimu aliyefunzwa au umeme wa uhakika, vilibaki makabatini. Ukipata cha kusomea vitabu, kiwe cha nyumba wala si cha mtoto, na kilale chumbani mwako.

SWALI: Baba yetu amefika umri wa miaka 78, na herufi za msahafu zimeanza kumpotea hata akivaa miwani. Je, kishikwambi kitamsaidia?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Ndiyo, nunua bila kusita, baada ya daktari wa macho kumwona mzee. Atakuza herufi kwa vidole viwili kadiri apendavyo, na mwanga wa kioo humfaa kuliko wa balbu iliyo nyuma ya bega lake. Chagua cha inchi 10, na uongeze kipochi kinachosimama juu ya meza, kwa maana chombo hicho hufikia karibu nusu kilo, na mzee hawezi kukiinua mkononi tangu alfajiri hadi jua lichomoze.