Spidi 60, lakini tairi chini limesimama?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa fuso, nabeba viazi kutoka Ilembo kushuka Mbalizi. Kijana wangu yuko kidato cha tano. Juzi kaniambia eti gari likitembea bila kuteleza, ile sehemu ya tairi inayogusa barabara inakuwa imesimama. Nilimcheka. Mshale unasoma 60, tairi lisimame vipi? Kaniambia tena kwamba gogo na ringi vikiachiwa pamoja kwenye mteremko, gogo linatangulia, hata liwe zito au jepesi namna gani. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Kijana yuko sahihi kwa yote mawili, na ushahidi wa lile la kwanza unauacha nyuma yako kila siku.

Mvua zikiwa zimekolea, pita taratibu kwenye tope laini, kisha simama ushuke, uangalie ulikotoka. Utakuta kashata za tairi zimejichora moja moja, kingo kali, kama muhuri wa mwenyekiti wa kijiji kwenye barua. Muhuri ukiburuzwa hata kidogo wakati wa kugonga, maandishi yanavurugika. Kama kashata ingekuwa inakimbia mbele huku imegusa tope, ungekuta mfereji. Na mfereji huo unaujua: uko palepale ulipokanyaga breki ghafla.

Inakuwaje? Tairi lina miendo miwili kwa wakati mmoja. Linakwenda mbele pamoja na gari, kilomita 60 kwa saa. Hapohapo linazunguka: upande wa juu unakwenda mbele, wa chini unarudi nyuma. Lisipoteleza, kasi ya ukingo wake kuzunguka ni ileile ya gari. Juu unajumlisha, 60 na 60, unapata 120. Chini unatoa, unabaki na sifuri. Piga picha baiskeli inayopita kwa kasi utaona spoku za chini zinahesabika, za juu zimekuwa ukungu.

Kusimama huko ni kwa kitambo kidogo mno, kisha kipande hicho kinanyanyuka na kingine kinashika zamu. Ukitembea ni vilevile: unyayo ulioukanyagia umetulia, mwili ndio unaopita juu yake.

Sasa hesabu. Chukua tairi ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 40. Mzingo wake ni kama mita 2.5. Spidi 60 ni mita 1,000 kwa dakika, kwa hiyo tairi linazunguka karibu mara 400 kila dakika. Mita ya spidi inahesabu mizunguko tu, barabara haiioni. Ndiyo maana ukinasa kwenye tope mshale unapanda mpaka 30 na utingo amesimama pembeni ya mlango anakutazama.

Linalokuhusu zaidi wewe dereva ni breki. Msuguano wa vitu vilivyogusana bila kusereresheana ni mkubwa kuliko wa vitu vinavyoserereka. Tairi linalobingirika linafaidi ule mkubwa. Ukikanyaga breki mpaka matairi yafunge, umehamia kwenye ule mdogo: gari linakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama, na usukani unabaki pambo, maana tairi linaloserereka halina habari na upande unaolielekeza. Breki za ABS kazi yake ni hiyo, kuachia na kushika mara nyingi kwa sekunde ili tairi lisiache kuzunguka. (Kushuka Kitonga kwa gia ndogo kuna sababu nyingine, joto la breki. Tuliache leo.)

Nisikudanganye: mpira wa tairi unalalia barabara kipande kizima, na pembeni mwa kipande hicho huwa kuna kuserereka kidogo. Hivyo hata dereva mtulivu, tairi lake huishia kuwa kipara.

Gogo na ringi. Kitu kinachobingirika kushuka kinagawa nishati yake: nyingine ya kwenda mbele, nyingine ya kuzunguka. Ringi ina uzito wake wote ukingoni, kwa hiyo kuzunguka kunakula nusu nzima. Gogo, ambalo uzito wake umeenea hadi katikati, linatumia theluthi tu. Kwa hiyo mchapuko wa ringi, yaani jinsi kasi yake inavyoongezeka, ni nusu ya ule wa kitu kinachoteleza bila msuguano wowote, na wa gogo ni theluthi mbili. Ukubwa na uzito vinajifuta kwenye hesabu.

Ukitaka kumlipizia kijana, chukua chupa ya mviringo, ijaze maji mpaka juu, funga kifuniko, kisha iachie kwenye ubao ulioinama sambamba na kipande cha gogo. Muulize kwanza nani atashinda. Akisema gogo, umempata: plastiki ndiyo inayozunguka, maji ndani yake karibu yote yanateremka tu bila kujisumbua.