Swichi ya matundu 8 au 16 kwa duka la jumla
Ndugu yangu, umeuliza kama duka lako la Mwanga, Kigoma, lenye kompyuta 5 na kamera 4, litatosheka na swichi ya kawaida ya matundu 8, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta na kamera kwa waya za mtandao. Hiyo itajaa kabla hujaiwasha. Nunua ya matundu 16, yenye kasi ya megabiti 1000 kwa sekunde na inayopeleka umeme wa kamera kupitia waya uleule wa mtandao. Lakini soma kwanza kwenye kibandiko chake jumla ya wati inazoweza kutoa, kwa sababu tundu likitoa wati 15.4, kamera zako 4 zaweza kuhitaji wati 61.6 kwa pamoja. Iwe pia ya kupangiliwa, yaani unayoweza kuibadilishia mipangilio na kuutenga mtandao, ili wateja wanaotumia Wi-Fi yako wasiifikie kompyuta ya mauzo, jambo ambalo nalisisitiza sana. Waya mmoja usizidi mita 100.