Vijana, msiilaumu solenoidi kabla hamjapima

Leo tena nimemkuta kijana kashashusha stata, solenoidi mpya (ile swichi ya umeme inayopeleka umeme mwingi kwenye stata) iko mkononi, na betri hata hajaigusa na mita. Gari lilikuwa linapiga tatatata tu. Jamani! Hiyo tatatata mara nyingi ni umeme mdogo, solenoidi inavuta, stata ikianza kula umeme volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Nawapenda sana ila hili linanichosha.

1. Pima. Betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6, na ukipiga stata isishuke chini ya 9.6. Hakikisha waya mdogo wa swichi unaleta umeme, halafu weka mita kwenye zile bolti mbili nene za solenoidi mwenzio akipiga stata, ikisoma zaidi ya nusu volti hapo sasa ilaumu.

2. Ukiamua kuibadilisha, negativu ya betri inatoka kwanza, inarudi mwisho. Kwenye magari mengi ya zamani ule waya mnene wa betri kwenda stata hauna fyuzi, kwa hiyo spana ikigusa bodi hakuna cha kukuokoa.

3. Piga picha nyaya kabla hujazitoa. Wa swichi unakaa kwenye nguzo iliyoandikwa S au 50. Zile Ford za zamani zenye solenoidi kwenye bodi, nyingi zina pia nguzo ya I, inaipa koili ya kuwashia plagi umeme kamili wakati wa kupiga stata, ukiusahau waya wake injini inazunguka weee halafu inataka kuwaka ukiachia ufunguo. Na ethi ya solenoidi hizo (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) inapita kwenye bolti za kufungia, kwangua rangi na kutu hapo.

4. Nati ya waya mnene. Hapa nakaa kidogo maana paliniumiza. Nilikuwa bado najifunza, solenoidi mpya kabisa ya mteja, nikaikaza ile nati ya nje kwa nguvu zangu zote bila kuishika ya ndani na spana ya pili. Nikasikia kitu kimezunguka kidogo, nikajiambia si neno, nikafunga. Gari likawaka, mteja akaondoka anafurahi, baadaye akakwama akiwa na watoto ndani ya gari. Nilipoifungua nikaona kichwa cha bolti kimegeuka, kisahani cha shaba cha ndani kinachounganisha zile bolti mbili kilikuwa kinagusa ukingo mmoja tu, na ukingo ule umeungua mweusi, na plastiki imepasuka nyuma ya nati. Solenoidi haikuwa mbovu, niliiua mimi. Nilinunua nyingine kwa hela yangu, lakini kilichonikaa ni vile nilisikia ikizunguka na nikanyamaza. Kwa hiyo ukisikia imezunguka, sema! Sitakufokea, tutaifungua tuangalie.

5. Ukiukunja waya ukakuta ukungu wa kijani chini ya ganda, badilisha wote, msasa kwenye kichwa chake hautoshi.